Njiwa wangu wanasoma rangi au wanasoma kopo?

MwenyeBanda_Kibokoni

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote.

Nafuga njiwa darini kwetu Kibokoni, Mombasa, banda nililoachiwa na marehemu baba. Faida hamna, ni mapenzi tu, na maneno ya majirani kuhusu kinyesi kwenye kamba zao za nguo. Sasa mpwa wangu, yuko kidato cha tatu, anatafuta kazi ya kupeleka kwenye maonyesho ya sayansi shuleni kwao. Kasoma mahali kwamba mwaka 1995 Shigeru Watanabe na wenziwe huko Japani walitoa habari za njiwa waliofunzwa kupambanua picha za Monet na za Picasso, wakaweza hata kwa picha ambazo hawajapata kuziona. Akanijia mbio na daftari: "Mjomba, ikiwa wa Japani wanajua uchoraji, wetu watashindwa na nyekundu na buluu?"

Alivyopanga ni hivi. Sinia la bati, juu yake visahani viwili vya plastiki vimepinduliwa, kimoja chekundu, kimoja cha buluu. Njiwa anatolewa tunduni. Akidonoa chekundu, kijana anafungua kopo la maziwa ya unga, anachota pojo, anammwagia siniani. Akidonoa cha buluu hapati kitu, anarudishwa ndani.

Mwanzoni walionekana wanashika. Kisha nikaanza kuwaangalia wao badala ya kuangalia visahani. Yule dume mzee, tunamwita Shaibu, akitoka tunduni hatazami sinia hata kidogo. Anainamisha shingo, jicho lile la rangi ya chungwa linamganda kijana mkononi, kwenye kopo. Kopo likilia kidogo, hata kwa bahati, anadonoa chochote kilicho karibu. Jike mmoja mweupe yeye huenda upande wa kulia tu, kisahani chekundu kiwepo kisiwepo. Na mimi nikikaa mahali pa kijana, wote wanaharibikiwa.

Kijana anasema wamejifunza. Mie nasema wamejifunza kopo. Mwenye ujuzi wa mambo haya ya maabara atuamulie, na kama kuna njia ya kuwafunza rangi yenyewe atwambie.

Paka_wa_Makadara

Kaka, hao wameshiba. Njiwa wa Mji wa Kale anakula mahamri ya watu wa chai na mchele wa harusi, atahangaika na kisahani chako kwa nini? Wafungie chakula siku mbili uone kama hawajui rangi. Hata wazungu maabarani huwashindisha njaa.

Somo_Tudor

Mwanangu wa Kibokoni, macho unayo. Ulichokiona kwa Shaibu kuna watu wamekiandikia tasnifu nzima.

Kazi yangu ilikuwa kutunza wanyama wa maabara mpaka nilipostaafu. Panya weupe hasa. Njiwa nawajua kwa vitabu na kwa dari ya jirani. Lakini mnyama ni mnyama, na tatizo lenu halihusu rangi. Njiwa huona rangi kutushinda sie, mpaka miale ya urujuanimno anaiona. Tatizo ni kwamba baina ya rangi na pojo mmeweka kitu kingine kinachosema habari ileile vizuri zaidi.

Mnyama mwenye hamu ya kula haulizi "nyekundu ni nini." Anauliza "nini kinanijulisha kwamba chakula kinakuja?" Kikipatikana kitu kimoja kinachomjulisha barabara, vingine vyote anavipuuza. Leon Kamin alilionyesha hilo kwa panya mwishoni mwa miaka ya 1960. Yeye hakutumia chakula, alitumia mshtuko mdogo wa umeme. Panya walijua tayari kwamba kelele fulani inatangulia mshtuko. Kisha akawapa kelele na taa kwa pamoja, na mshtuko uleule. Alipokuja kuijaribu taa peke yake, panya hawakuijali. Taa ilikuwapo, waliiona, ila haikuwaambia lolote ambalo kelele haijasema. Njiwa wako wamezaliwa wakisikia kopo. Chekundu ndiyo hiyo taa.

Hapo bado hatujafika kwa kijana mwenyewe. Berlin palikuwa na farasi akiitwa Hans, wa bwana mmoja Wilhelm von Osten. Aliulizwa hesabu, akagonga ukwato mara kadiri ya jibu, watu wakataka kumpa uprofesa. Oskar Pfungst alimchunguza na mwaka 1907 akatoa matokeo: muulizaji akiwa halijui jibu, au farasi asipoweza kumwona, hesabu imekwisha. Muulizaji alikuwa anainamisha kichwa kidogo kutazama ukwato, kisha anakiinua pale idadi inapotimia, bila mwenyewe kujua. Mpwa wako anajua chekundu kiko wapi. Mkono wake unasogea kwenye kopo kabla njiwa hajadonoa, wallahi nakwambia bila kumwona. Ndiyo maana ukikaa wewe wanaharibikiwa: mwili wako unasema lugha nyingine.

Na wewe Makadara, acha maneno ya kuwanyima watu chakula, sembuse ndege. Ni kweli kwenye majaribio mengi ya njiwa uzito huwekwa karibu asilimia 80 hadi 85 ya uzito wa njiwa anayekula atakavyo. Lakini hiyo ni kwa mizani kila siku, na mtu anayejibu akiulizwa. Dhambi ya kumtesa mnyama haifutiki kwa kuiita sayansi. Wafunzwe asubuhi kabla ya mlo wao wa kawaida, basi. Tena njaa haiponyi ugonjwa huu. Njiwa mwenye njaa ya siku mbili atalitolea kopo macho zaidi.

Sasa dawa. Kopo usilitupe. Ulifanyie kazi.

Lile kopo mnaliona adui kwa sababu linalia ovyo. Likilia mahali pake, ndilo mwalimu. Mwaka 1948 G. Robert Grice aliwafunza panya kuchagua baina ya njia nyeupe na nyeusi. Waliolipwa palepale walishika upesi. Aliochelewesha malipo yao sekunde tano walichukua mamia ya majaribio, na wa sekunde kumi wengine hawakushika kabisa, majaribio yakapita elfu moja. Sekunde kumi, mwanangu! Mpwa wako kufungua kopo, kuchota na kumwaga anatumia ngapi? Katika sekunde hizo njiwa amegeuka, amejikuna bawa, amemtazama jike. Pojo zikianguka, zinamlipa kwa kujikuna.

Lakini Grice alikuwa na kundi jingine. Malipo yalicheleweshwa vilevile, ila chumba cha chakula kilikuwa na rangi ya njia iliyo sahihi. Hao walishika haraka zaidi. Rangi iliyokwishazoeana na chakula ilibeba habari njema mpaka hapo chakula kilipofika.

Ndiyo kazi ya sauti kwenye kisanduku cha Skinner, kile cha maabara ambamo mnyama akidonoa au akibonyeza mahali panapotakiwa chakula kinatoka chenyewe. Njiwa hafundishwi kwanza kudonoa. Kwanza anafundishwa kwamba kihori cha nafaka kikiinuka kwa kishindo chake na taa yake, chakula kipo, mpaka akawa anageuka akisikia tu. Hapo ndipo anapoanza somo la kudonoa, na kishindo kinalia papo hapo mdomo ukigusa. Sauti ndiyo inayofika kwa wakati, nafaka zinafuata nyuma yake.

Basi fanya hivi. Chukua kitu kinacholia kwa sauti fupi, isiyofanana na kopo. Kifuniko cha chupa ya jemu kile cha bati chenye kitufe katikati au kalamu ya kubonyeza itatosha. Siku za mwanzo hakuna visahani wala rangi: inalia, pojo zinaanguka, inalia, pojo zinaanguka. Shaibu akianza kuinama siniani kwa sauti tu, umemaliza. Kisha weka visahani, na sauti ilie mdomo ukigusa chekundu, si kabla. Pojo zipitie kwenye bomba kutoka nyuma ya pazia. Kijana asionekane, na kopo libaki jikoni.

Kuhusu jike mweupe anayependa upande wa kulia: mpangilio wa pande usiwe wa kukisia. Gellermann mwaka 1933 alitengeneza orodha za kulia na kushoto ambazo upande mmoja haurudii zaidi ya mara tatu mfululizo, na mnyama anayeng'ang'ania upande mmoja, au anayebadilisha kila mara, anaishia nusu kwa nusu. Kijana aiandike yake kwa kanuni hiyo usiku, aifuate asubuhi. Mwanadamu akipanga papo kwa papo hurudia mtindo wake, na njiwa ataushika huo mtindo kabla ya rangi.

Kijana_wa_Moro

Shikamoo mama. Naomba niongezee kidogo, mimi niko Morogoro na huku hayo ndiyo maisha ya panya buku wa APOPO, shirika linalowafunza kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Nimewaona wakifanya kazi.

Kile kibonyezo anachosema mama ndiyo msingi wa shule yao yote. Panya mdogo anazoeshwa watu, kisha anafundishwa kwamba "tk" maana yake kuna chakula, uji wa ndizi na karanga unaotoka kwa bomba la sindano. Baada ya hapo ndipo harufu. Kwenye kifua kikuu kuna kisanduku chenye matundu sakafuni yamepangwa mstari, chini yake sampuli za makohozi zilizokwisha kuuawa vijidudu. Panya anapita, pua, pua, pua, anaacha. Akifika kwenye yenye ugonjwa anaganda hapo, pua ndani ya tundu, sekunde kadhaa, kucha zinakwangua. "Tk." Anakimbilia pembeni kula. Kwa mtu mgeni inaonekana kama mchezo, mpaka uambiwe panya mmoja anapitia sampuli mia moja kwa muda wa dakika ishirini.

Kilichonishangaza mimi si pua. Ni swali la nani anamwambia panya kwamba amepata. Sampuli nyingi zinazoletwa, kliniki imeshazikuta hazina ugonjwa, na panya anawekwa kutafuta zilizopitwa. Sasa akiganda kwenye sampuli ambayo hakuna anayejua, umpigie kibonyezo au usipige? Ukipiga na kumbe haina kitu, umemfundisha uongo. Usipopiga siku nzima, anaacha kazi. Kwa hiyo wanachanganya sampuli ambazo zinajulikana kabisa kuwa na ugonjwa, na kibonyezo kinalia kwa hizo tu. Uwanja wa mabomu ni hivyohivyo: panya akikwangua ardhi, hujui kama ni bomu mpaka mtegua mabomu athibitishe, hivyo malipo hayawezi kutoka hapo kwa kubahatisha. Mazoezi kwenye TNT, baruti ya mabomu, inayojulikana ilipo ndiyo yanayomweka sawa. Magawa, panya yule aliyepewa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia, alipita hukuhuku. Alistaafu akiwa amegundua mabomu ya ardhini zaidi ya 70.

Kwa hiyo mwenye banda, hata siku ya maonyesho, kama hujui jibu, usibonyeze.

MwenyeBanda_Kibokoni

Mama Somo, nimesoma mara mbili, ya pili kwa sauti mbele ya kijana. Amenuna kwa habari ya farasi halafu akaenda kutafuta shuka la pazia. Kijana wa Moro, ahsante, panya buku huku kwetu tunawafukuza kwa fagio, kumbe ni madaktari.

Nina mawili. Kijana anauliza kama inafaa nyekundu ilipwe pojo na buluu ilipwe mtama, maana njiwa wengine hupenda mtama. Na anataka akishamaliza buluu aende kwenye machungwa, kwamba nyekundu na machungwa ziko karibu na waamuzi watastaajabu. Mie naona atawachanganya.

Somo_Tudor

La kwanza ni swali zuri kuliko anavyojua, mpe salamu zangu. Mwaka 1970 Milton Trapold alikuwa na panya, vyuma viwili vya kubonyeza na sauti mbili. Sauti hii, bonyeza kushoto. Sauti ile, bonyeza kulia. Wengine walilipwa chakula kilekile kwa majibu yote mawili. Wengine, jibu la kushoto lilipwa vidonge vya chakula na la kulia maji ya sukari, au kinyume chake. Wenye malipo tofauti walishika haraka zaidi. Ugumu wa somo ni uleule. Ila sauti ikilia, panya wa kundi la pili tayari ana ladha ya kinachokuja, na ladha hiyo inamsaidia kukumbuka abonyeze upande gani.

Kuwa njiwa anaujua mlo kabla haujafika, hilo linaonekana kwa macho. Jenkins na Moore mwaka 1973 waliwapiga picha njiwa wakidonoa taa zinazotangulia chakula au maji. Palipotangulia nafaka, njiwa aliidonoa taa kwa ghafla, mdomo wazi kama anaokota punje. Palipotangulia maji, aliigusa polepole, mdomo karibu umefungwa, kooni anameza. Taa haina punje wala tone. Kijana achukue simu ampige Shaibu picha kwa karibu akidonoa chekundu. Mdomo ukiwa wazi kama wa kuokota pojo, hiyo peke yake yastahili ukurasa kwenye daftari kuliko hesabu zote za asilimia.

Ila kwa mpango wake wa sasa malipo mawili hayamfai, kwa kuwa buluu hailipi kitu. Akiilipa mtama, njiwa hana tena jibu baya, anachagua chakula kama sie tunavyochagua baina ya biriani na pilau. Jaribio la malipo mawili alifanye baadaye: kengele ikilia jibu ni nyekundu na malipo ni pojo, akigonga ubao jibu ni buluu na malipo ni mtama. Hapo ndipo Trapold anamsaidia.

La machungwa, uko sawa kuogopa, lakini si kwa sababu unayodhani. Kwenye maabara ya Pavlov, yule Mrusi aliyechunguza mbwa wanavyojifunza, mwaka 1921, Shenger-Krestovnikova alimfunza mbwa kwamba duara linaleta chakula na duara lililobanwa halileti. Akalikaribisha lile lililobanwa na duara kidogo kidogo, mpaka vipimo vyake vikawa tisa kwa nane. Mbwa aliyekuwa mtulivu akaanza kulia na kung'ata mitambo, na hata yale mepesi aliyoyajua mwanzo yakampotea. Haya si mambo ya kumfanyia njiwa wa mzee wako kwa ajili ya cheti.

Kuna njia ya upole. Herbert Terrace, 1963: njiwa analipwa kwa nyekundu, na kijani hakipati kitu. Kijani hakukileta kwa kishindo baada ya nyekundu kukolea. Alikileta mapema, kikiwa hafifu na kwa muda mfupi mno, kisha akakizidishia mwanga na muda taratibu. Njiwa wake karibu hawakukosea kabisa. Na waliofunzwa kwa kukosea-kosea walikuwa wakipigapiga mabawa na kugeuka kila kijani kikiwaka. Wale wa njia ya upole walitulia tu wakisubiri. Kwa visahani, kijana anaweza kufanya hivi: kisahani kibaya kianze kikiwa kimefunikwa karibu chote kwa karatasi ya rangi ya sinia, kila siku afunue kidogo.

Akifika kwenye machungwa kwa upole huo, asubiri jambo la ajabu. Hanson, 1959, aliwalipa njiwa kwa taa ya kijani ya nanomita 550 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, na kila rangi ina wake), na wengine akawawekea karibu yake taa isiyolipa, kama 560. Alipowajaribu kwa rangi nyingi, hawakudonoa zaidi ile ya 550. Walipendelea 540 hivi, rangi ambayo hawakulipwa kwayo hata siku moja, lakini iko mbali zaidi na ile isiyolipa. Kwa hiyo mpwa wako atafute na kisahani cha wekundu uliokolea kuliko ule wa mafunzo. Wakikipenda hicho kuliko chekundu chao wenyewe, waamuzi wana cha kuuliza, na yeye ana cha kuwajibu.

Paka_wa_Makadara

Mama Somo umenimaliza. Lakini swali la mwisho: atajuaje kwamba hawanusi pojo zilizobaki chini ya kisahani, au hawaoni alama ya ukucha kwenye chekundu? Visahani vya plastiki vinakwaruzika.

Somo_Tudor

Umeamka sasa. Anunue visahani vitatu vya kila rangi, avibadilishe bila mpangilio, avioshe vyote kwa sabuni moja baada ya kila njiwa. Pojo zipakwe kidogo chini ya vyote, vyekundu na vya buluu, zitoke kwenye gunia moja.

Na katikati ya majaribio ya kawaida aingize machache ambayo sauti hailii na pojo hazimwagwi, njiwa akidonoa anarudishwa tu. Yawe machache, yasije yakawavunja moyo. Humo pasiwe na mtu upande wa sinia ila simu inayorekodi. Video hizo mtu asiyejua rangi ipi inalipwa ndiye azitazame na kuandika, si kijana, wala si wewe mjomba, maana nawe umeshachukua upande. Mpe jirani mwenye kamba za nguo.